Mwanamke Mmoja, Fundi Cherehani

Suti aliyovaa mwanangu siku ya kutetea tasnifu yake niliishona mimi, na bega la kushoto lilikuwa limepanda kidogo. Nilikaa kiti cha nyuma nikilikodolea macho bega hilo, maana mengi yaliyosemwa mle ukumbini sikuyaambulia. Demokrasia, uwakilishi, mamlaka ya umma! Lakini binti yangu alijibu bila kubabaika, nami kichwa kilinivimba, kwa nini nifiche?

Hoja yake kuu niliielewa. Katiba yetu ina ibara inayomtaka kila mwenye madaraka, akimkatalia raia ombi, ampe sababu. Vitabu vinasema ibara hiyo ilitungwa na wataalamu. Mwanangu alisema la, ilitoka kwa wananchi. Alipekua kumbukumbu za mikutano ya kukusanya maoni ya katiba miaka miwili mizima mpaka akapata ushahidi, na sasa akausoma:

"Mwanamke mmoja, fundi cherehani: 'Nikinyimwa, niambiwe sababu, nisifukuzwe kama kuku.'"

Jamani! Maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimenyimwa kibali cha kibanda, nikaenda kusema mkutanoni. Watu walinicheka mpaka karani akasahau kuniuliza jina. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, sikumsimulia mtu, hata huyu niliyekuwa nimembeba mgongoni.

Mtahini mmoja alivua miwani. "Fundi asiye na jina si ushahidi. Huenda karani aliyatunga mwenyewe. Sura hii iondoke."

Sura ikiondoka, shahada ingengoja mwaka mwingine. Nikasimama, nikanyoosha mkono.

"Samahani, mama," akasema mwenyekiti wa jopo. "Wageni hawaruhusiwi kuzungumza."

"Sawa, Profesa. Sababu ni nini?"

Wakacheka, kama siku ile. Safari hii sikuketi. Profesa akafungua kitabu cha kanuni, akapekua mbele, akapekua nyuma, kisha akakifunga polepole. Kicheko kikaisha chenyewe.

Mwanangu aliitazama karatasi yake, akanitazama, akairudia karatasi. Akavuta kiti, akakiweka kando ya chake, akaja kunishika mkono mpaka mbele.

"Tuanze na jina lako, mama," akasema, kalamu tayari juu ya karatasi.