Pete ya Sajini Ojulong

Watu huuliza nani atamfunga paka kengele. Kwangu, paka alikuja mwenyewe, akainamisha shingo.

Alikuwa Sajini Ojulong, mzaliwa wa kijiji cha Molo, askari wa kuzuia magendo kwenye njia za mpakani kati ya Tororo na Busia. Bunduki yake ilikuwa na kitako cha plastiki, na pete ya kushikia mkanda ilikuwa imeng'oka. Mimi nilishona viti vya baiskeli.

"Wewe mwanamke naweza kazi ya bunduki?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Bunduki ni yako, afande. Mimi fundi wa mkanda."

Mwezi mmoja nyuma alikuwa amempiga risasi na kumuua kaka yangu Nasifu kivukoni, gunia la kahawa mgongoni. Nasifu hakusikia hatua hata moja. Sasa mume wangu, Swaliki, alipita njia ileile kila alfajiri, maana watoto hawashibi woga.

Plastiki si mti. Skrubu haiumi, ndani ni tupu kama kibuyu. Nikafungua kisigino cha kitako, nikatoboa kwa keekee, nikapitisha bolti, nikaikaza kwa nati upande wa ndani. Pete nayo huvikwa kipande cha tyubu ya baiskeli isigonge. Kipande kilikuwa pajani pangu. Nikakiacha hapo.

Akaitundika begani, akapiga hatua. Tik. Tik.

"Hii nalia."

"Za wakubwa ndivyo zinavyolia, afande."

Akacheka, akaondoka kwa maringo.

Tangu hapo Swaliki alimsikia kabla ya kumwona, akalala na baiskeli yake ndani ya mafunjo mpaka apite. Wapitisha magendo wengine pia walisikia. Wao hawakujificha; walimngoja. Sajini alikutwa kinamasini, uso majini. Bunduki haikuonekana.

Lakini pete bado inatembea. Swaliki husimama njiani ghafla, akasikiliza, na hakuna mtu. Mimi jioni naisikia nyuma ya duka, inakaribia, inafika mlangoni. Nafungua. Barabara tupu.

Juma lililopita nilifungua nikamkuta mtu kweli: Loy, mama yake Sajini, vumbi la Molo miguuni. Nikampa kiti na maji.

"Alijivunia ile pete," akasema. "Aliniambia fundi ni wewe. Sasa huja nayo mpaka kwangu, anazunguka nyumba."

"Pole kwa msiba, mama."

"Pole nimepewa na wote. Sema ulikosea, binti yangu. Pengine atalala."

Nyuma ya duka, tik. Tukageuka sote wawili.

"Sikukosea, mama," nikamwambia. "Na radhi siombi."