Mkia wa Jina

"Sivai," alisema Mwalimu. Alikuwa amesimama katikati ya bwalo na fulana ya ndani tu, mikono ameikunja kifuani kwa baridi. "Hii si yangu. Imeandikwa."

Aliinua sweta ya kijani, akaugeuza ukosi wake nje, akausogeza hadi karibu uguse miwani. Wazee wenzake wakaacha kukoroga chai. Akasoma kwa sauti ile ile aliyowasomea watoto wa shule miaka thelathini na mitatu:

"AGNES'S. Yaani ya Agnes. Na mimi, hata mnichukie vipi, siwezi kuwa Agnes."

Kicheko kilipita meza moja hadi nyingine. Mwenye sweta hakucheka. Alikuwa ameketi mwisho wa meza ya dirishani, ndani ya koti la mtu mwingine lililomfunika hadi magotini, na vidole vyake vilikuwa vikitafuta vifungo mahali ambapo havikuwepo. Pale nyumba ya wazee walimwita Bibi Simu, kwa sababu ujana wake wote aliumaliza katika chumba cha simu, vyombo masikioni, akiwaunganisha watu asiowajua.

Mama Lebo, mshonaji wa nyumba hiyo, aliyaona hayo akiwa mlangoni, kikapu cha nguo safi kiunoni. Alikwenda chumba cha kufulia, akavua sweta yake mwenyewe, akarudi akamtupia Mwalimu mabegani.

"Hii haina jina," alimwambia. "Kwa hiyo huna cha kusoma. Vaa."

Ilikuwa siku ya tatu ya utaratibu mpya. Nguo zote za wazee, zikishafuliwa na kupigwa pasi, ziliwekwa kwenye rafu tatu: ndogo, za kati, kubwa. Kila asubuhi mhudumu aligawa kwa kumtazama mtu kimo. Juu ya rafu Meneja alikuwa amebandika karatasi yenye neno moja la Kiingereza, kwa kuwa nyaraka zote za nyumba hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza tangu ilipofunguliwa: RESIDENTS'. Koma ile ndogo ilikaa juu, mwishoni kabisa, baada ya herufi ya mwisho. Za wakazi. Za wote kwa pamoja, na za yeyote.

Mama Lebo alikuwa amesimama mbele ya karatasi hiyo siku ya kwanza kwa muda mrefu. Koma ilikuwa mahali pake. Hakuweza kusema imekosewa, na hilo lilimsumbua zaidi kuliko kama ingekuwa imekosewa.

Kazi yake kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kukata utepe mweupe, kutarizi jina la mzee kwa uzi wa buluu, na kuushona utepe huo ndani ya ukosi. Kiingereza cha kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alikuta kitabu cha sarufi kisicho na jalada chini ya boksi la nguo za msaada, akakisoma saa za mapumziko, ukurasa mmoja kwa siku, mwingine kwa wiki. Humo ndimo alimojifunza kwamba jina la Kiingereza huongezwa koma ya juu na s ili kuonyesha kitu ni cha nani. Aliita hiyo mkia.

"Jina peke yake linamwita mtu," aliwaambia wazee walipouliza kwa nini anajisumbua. "Likiwa na mkia linashika kitu chake."

Majina yenye s mwishoni tayari ndiyo yaliyompa kazi. Kitabu kilisema yaongezwe koma na s nyingine. Mwalimu, ambaye jina lake la karatasini lilikuwa Charles, alisema koma peke yake inatosha. Mama Lebo hakubishana naye. Alitarizi tepe mbili, moja kwa kila namna, akampelekea Bibi Simu aliyekuwa mgeni wiki hiyo.

Bibi Simu alizipapasa zote mbili kwa kidole gumba.

"Huu mfupi umeishia njiani," alisema. "Nipe mrefu. Mimi jina langu lilikuja na s yake toka nyumbani. Sweta nayo ije na yake."

Mwalimu alitaka fupi. "Ndivyo tulivyofundishwa," alisema, "na waliotufundisha wamekufa, sasa utamkosoa nani?"

"Nguo ni zako, Mwalimu. Mkia ni wako," alijibu Mama Lebo, akamshonea CHARLES' kwenye fulana saba. Tangu hapo haikupita wiki Mwalimu asimuulize Bibi Simu kama ile s ya ziada haimchomi shingo.

Hiyo sweta ya kijani ilifumwa na mdogo wake Bibi Simu, kitandani hospitalini. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Uzi ulikwisha, na kabla mwingine haujapatikana mfumaji naye akawa amekwenda. Bibi Simu aliukunja mkono wa kulia kila siku ili ulingane na mwenzake.

Meneja aliingia chumba cha kufulia saa nne asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafuaji wawili badala ya watano, mashine moja inayotapika maji kila ikizunguka, na simu za ndugu wanaolalamika kwamba nguo zinakaa siku nne kabla ya kumrudia mwenyewe. Kwa utaratibu mpya zilirudi siku moja. Mama Lebo alikwisha kuyapima hayo yote moyoni na kukiri kwamba ni kweli.

"Mama, ya asubuhi umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Mzee mzima anakaa kwenye baridi kwa ajili ya kipande cha utepe."

"Amekaa kwenye baridi kwa sababu amepewa sweta ya mtu, Meneja."

Meneja alijifuta paji la uso. "Lebo zote zitolewe leo. Saa kumi nikirudi nisione hata moja. Nguo isiyo na jina haina ugomvi."

"Wala haina mwenyewe."

"Mama, tafadhali. Ukiona huwezi, niachie ufunguo wa chumba hapo mezani. Sisemi kwa ubaya."

"Najua. Ungesema kwa ubaya ningekujibu."

Alipotoka, Mama Lebo aliivuta sweta ya kijani aliyoichukua bwaloni, akawasha taa ya cherehani, akachukua wembe. Kama kazi ni ya kufanywa, aliona, aanze na ile iliyoleta maneno. Akakata mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alizihesabu nukta za uzi wa buluu zikianguka mapajani mwake. Kwenye ya ishirini na mbili utepe ukabaki mkononi, mwepesi kama ganda la kitunguu.

Chini yake palikuwa na kijani kingine.

Sweta yote ilikuwa imepauka kwa sabuni na jua hadi kukaribia rangi ya vumbi. Lakini pale utepe ulipokaa, upana wa vidole viwili, sufu ilikuwa na rangi yake ya kwanza, mbichi, kama iliyotoka dukani asubuhi ile. Matundu ya sindano yalikizunguka hicho kipande pande zote nne. Mama Lebo aliweka kidole juu yake. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kufumua lebo ya mtu aliye hai. Za waliokufa, ndiyo, nguo zikienda kwa wengine. Lakini hizo alizifumua haraka, akitazama pembeni.

Akauweka wembe ndani ya kopo, akafunga kifuniko.

Kisha akakata utepe mpya, mrefu kama kiganja. Uzi wa buluu akaurudisha kwenye droo, akatoa mwekundu. Hakutarizi kwa herufi ndogo za kukaa ukosini. Alitarizi herufi za kusomwa na mtu aliye upande wa pili wa bwalo bila miwani, na alipomaliza aliushona utepe nje, kifuani, upande wa moyo.

Alikuwa akikata uzi kwa meno mlango uliposukumwa. Bibi Simu, na lile koti pana.

"Nimelirudisha koti la wenyewe," alisema. "Mfukoni mna meno."

"Meno?"

"Ya bandia, ya juu. Nimetia mkono nitafute leso, yakanishika kidole. Kuna mtu leo kanywa chai bila kutafuna."

Walicheka mpaka Bibi Simu akalazimika kukaa juu ya kikapu. Alipoinua macho akaiona sweta. Aliitazama, kisha akasimama akaisogelea, akasoma kwa kidole, herufi moja moja, hadi s ya mwisho.

"Meneja amekuagiza hivi?"

"Ameniagiza nitoe."

"Watakufukuza, mwanangu."

"Pengine."

Bibi Simu akavaa sweta, akakunja mkono wa kulia vidole viwili. Akajinyoosha mbele ya kioo cha mashine ya kufulia. "Ilipokuwa ukosini nilikuwa naijua mimi na wewe," alisema. "Sasa ngoja nipite bwaloni."

Alipita bwaloni. Alipita polepole, akazunguka kila meza, na kabla ya saa sita Mwalimu alikuwa mlangoni na fulana zake saba zilizochomolewa rafuni.

"Nami nataka kifuani," alisema. "Ila usinitie s ya pili kwa kisingizio cha mapinduzi."

"Fupi kama kawaida, Mwalimu."

"Fupi. Msimamo ni msimamo."

Wakaja wengine, na mwenye meno akiwamo. Wenye macho walitunga uzi. Wenye vidole vilivyokakamaa walishika utepe usikunjamane. Mwalimu aliketi na karatasi, akiandika majina kwa mpangilio na kumkanya kila anayetaka kupita foleni. Wapo waliokataa kuja. Mzee mmoja alisema yeye amelala jela ujana wake, nguo ni nguo tu, na Mama Lebo akamwambia ni sawa, akamkunjia shati lake bila lebo.

Saa kumi walikuwa wameshona nguo kumi na tisa. Nyumba ilikuwa na wazee arobaini na mmoja.

Meneja alisimama mlangoni. Alianza kusoma vifua, kimoja baada ya kingine, midomo ikicheza. Mashine iliendelea kutapika maji yake.

"Nilisema nini, Mama?"

Mama Lebo alisimama. "Nimefumua moja. Nimeona kilichokuwa chini yake. Nyingine sifumui."

"Na hizo ambazo bado?"

"Hizo ni za kesho."

"Kesho hutakuwa na ufunguo."

Aliutoa mfukoni mwa aproni, akauweka juu ya meza, katikati ya vipande vya uzi mwekundu. "Sindano ninayo," alisema. Hakupandisha sauti.

Bibi Simu alimsogelea Meneja, akamshika koti lake kwenye mkono kama anayepima kitambaa.

"Hili koti zuri. La nani?"

"Bibi, hili ni langu."

"Basi neno lenyewe unalijua," alisema, akamwachia.

Meneja aliutazama ufunguo. Akazitazama rafu na karatasi iliyobandikwa juu yake. Mwishowe akauchukua ufunguo, akautia mfukoni, akasema kwamba kesho saa tatu kutakuwa na kikao. Akatoka bila kufunga mlango, na hakuna aliyejua kama alisahau.

Kengele ya chai ya jioni ikalia. Wazee wakaondoka taratibu wakishikana mikono, majina yao mekundu yakitangulia mbele yao koridoni. Mama Lebo alianza kuokota vipande vya utepe sakafuni, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo.

Bibi Simu hakuwa ameondoka.

"Vua aproni," alisema.

"Ya nini, Bibi?"

"Miaka kumi na mmoja umewaandikia watu. Wewe hata sweta yako haina jina, umesema mwenyewe asubuhi. Lete hapa."

Mama Lebo akafungua mkanda, akampa. Bibi Simu aliiweka magotini, akachagua utepe, akaanza kutunga uzi. Uzi ulipita kando ya tundu mara moja, mara mbili. Mama Lebo alinyoosha mkono amsaidie, akapigwa kikofi cha vidole. Mara ya nne uzi ukaingia.

"Haya," alisema Bibi Simu, akijikunja chini ya taa ya cherehani. "Mama Lebo ni jina la kazi, na kazi sasa haijulikani. Nataka lile ulilokuja nalo toka nyumbani. Nianze na herufi gani?"

Sindano ilingoja juu ya utepe mweupe, ikitikisika kidogo, na nyuma yake uzi mwekundu ulining'inia mrefu hadi sakafuni.