Mshono wa Kushoto

Tangu tumzike mama mkubwa, jiko letu liliacha kunukia. Saratani ya titi ndiyo iliyomchukua. Tulivyorudi tu kutoka makaburini, mama akaingia jikoni na nguo zake za msibani, akamwaga mafuta ya kupikia yote. Sukari ikafuata. Soseji, soda, bia za baba, vyote nje. Yeye na dada yake walifanana mpaka kikohozi, kwa hiyo moyoni alishajua ugonjwa unamtafuta nani baada ya pale.

"Soma," ananiambia kila jioni, nyuzi bado zimemganda kwenye nywele. Ni fundi cherehani. "Hiyo simu isiwe ya kuchekea tu. Angalia maharage wanayasemaje."

Nasoma. Maharage safi. Karoti safi. Mboga za majani ndiyo usiseme! Mama anatikisa kichwa, macho kayafumba, mwiko mkononi. Alikuwa amechoka, jamani. Na sio uchovu wa kazi, ule ukilala unaisha. Huu ulikuwa wa mlinzi ambaye hana wa kumpokea zamu.

Baba akawa anasogeza sahani huku na huku. "Mke wangu, hizi mboga unazipika au unazihoji? Maana naona zimeshakiri kila kitu."

"Kula. Dada yangu alikuwa anakaanga."

Ukitajiwa marehemu utabisha nini? Tunakula.

Sasa sikia. Mama anashona duka moja na Bi Sindano, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu ya ulimi wake. Hao wawili wana mtindo wao tangu wafungue duka: hakuna anayejishonea. Gauni la mama hupimwa na kushonwa na Bi Sindano, la Bi Sindano hushonwa na mama. Lakini siku za karibuni mama akaanza kujishonea mwenyewe. Bi Sindano akanuna.

"Kumbe mikono yangu siku hizi inanuka?"

"Una kazi nyingi, shoga yangu. Sitaki kukusumbua."

"Haya, bosi."

Siku hiyo nilikuwa dukani napiga picha magauni ya wateja, niyatupie mtandaoni. Lile jipya la mama lilikuwa na makunyanzi, nikaligeuza ndani nje nilipige pasi. Nikaona mshono wa kifuani umefumuliwa, kitambaa kimeachiwa ili kipanuke. Upande wa kushoto tu. Nikachukua la wiki iliyopita kwenye msumari. Kushoto. Na lile la kahawia analopenda? Kushoto.

Nikaropoka kabla sijafikiri. "Mama, mbona magauni yako yote yamefumuliwa upande mmoja?"

Cherehani ya mama ikanyamaza. Bi Sindano akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Akanyanyuka na tepu.

"Simama nikupime."

"Nimenenepa kidogo tu."

"Na hizo mboga zako za kuchemsha? Umenenepa upande mmoja, mwenzangu?"

Mama hakusimama. Akaweka kiganja juu ya titi la kushoto, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Kuna kiuvimbe. Hakiumi. Nimesema kitaondoka, si najichunga? Sijaonja hata biskuti. Nikienda hospitali wakaniambia ndiyo ugonjwa wenyewe, si nitakuwa nimejinyima bure? Na watoto wangu nimewanyima bure?" Akanitazama. "Nimechoka. Sina nguvu za kwenda kuambiwa."

Bi Sindano akakunja tepu yake. Akafunga duka mchana kweupe, akamshika mkono. Mimi nikabeba mkoba.

Hospitali tulikaa kwenye benchi mpaka mgongo ukafa ganzi. Daktari alimpima kwa mikono, akampiga picha ya titi, akachukua kinyama kwa sindano. Tuliporudi kusikiliza majibu, alisema ni saratani, bado ni ndogo, wataitoa na matibabu mengine yataendelea. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Kwenye chakula nilikosea wapi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Hukukosea, mama. Mboga, kutokunywa pombe, kuangalia uzito, kuutembeza mwili, vyote vinapunguza hatari, na usiviache. Lakini kupunguza sio kufuta. Mtu anakula vizuri na bado anaupata. Ukiona uvimbe, njoo, hata kama umekula vizuri namna gani."

"Kwa hiyo sio mimi?"

"Sio wewe."

Nje mama akakaa kwenye ngazi. Mabega yakashuka. Nikatoa simu nitafute mgonjwa wa saratani anakula nini, akaifunika kwa kiganja.

"Leo acha, mwanangu."

Jioni kabla ya kulazwa, Bi Sindano akaja nyumbani na tepu shingoni. Baba alikuwa jikoni anakaanga vitunguu kwa mafuta kidogo. Nyumba nzima inanukia, na mama yuko pale pale, hamkatazi.

"Nakupima gauni la kutokea hospitali," Bi Sindano akasema.

"Utapima nini, na kesho wanakata?"

"Nakupima leo. Ukitoka, nakupima tena. Kazi yangu ni nini? Nyanyua mikono."

Mama akanyanyua mikono yote miwili, macho kayafumba, akaacha apimwe.