Karo la Baba Yangu

Asubuhi ile maji ya kuogea yalirudi tena kupitia tundu la choo, na safari hii hayakurudi peke yake. Niliyasukuma kwa fagio hadi mlangoni, nikamwaga dawa, nikasimama nikiyatazama. Mume wangu Veerabhadram alikuwa ameshakimbilia dukani kwake bila kunywa kahawa. Mama mkwe wangu, Atchamma, alijiziba pua kwa pindo la sari tangu varandani. Mimi pua yangu haikusema kitu. Tangu mwanangu Bhargav afariki, mwili wangu umekufa ganzi sehemu nyingi, na wala msinipe pole, nimeshapewa za kutosha.

Ila siku ile sikuwa na nafasi ya kusimama tu. Binti yangu Lahari, aliyeolewa Vijayawada, alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza. Kwetu mwana wa kwanza binti huja kumzalia kwa mama yake. Sherehe ya kumvisha bangili ilikwisha, watu wakala wakashiba, kilichobaki ni mimi kwenda kumchukua. Mama mkwe wake alitangulia kuja kukikagua chumba. Alisimama mlangoni, akanusa, akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Jioni akanipigia simu.

"Dada, sisi mila hatuikatai," alisema. "Lakini mjukuu wetu hawezi kuzaliwa kwenye harufu ile. Tengenezeni. Mkishindwa, atajifungulia hapa hapa, na wala hatutalaumiana."

Sikuwa na hamu ya kitu kingine duniani. Chakula nilikula kwa sababu ni saa ya kula. Lakini Lahari nilimtaka. Nilimtaka alale chini ya paa langu, nimkande mgongo, nimpikie wali wa ukwaju alioukosa huko kwa wakwe, nisikie mtu akipumua kwenye chumba kile.

Sasa sikilizeni jinsi choo kilivyoharibika, maana hakikuharibika chenyewe. Nyumba hii aliijenga baba yangu, Ramadasu, akatupa siku ya harusi yangu. Choo na karo la maji machafu aliviweka kona ya kaskazini mashariki, kwa kuwa ardhi inateremka upande huo kuelekea mfereji. Maji yalikwenda yenyewe miaka yote. Watoto wangu wawili walikua humo na sikuwahi kumwita fundi. Halafu Bhargav, akiwa na miaka kumi na tisa, akarudi kutoka chuoni na homa ya dengue, ile ya mbu. Tukampeleka hospitali Guntur. Hakurudi.

Matanga hayajapoa, mama mkwe wangu akaleta mpima pembe za nyumba. Kwetu huwezi kununua hata banda la kuku bila mpima pembe. Yule mzee alisimama katikati ya ua na dira yake, akanywa mtindi wangu glasi nzima, akasema kona ya kaskazini mashariki ni ya Mungu. Uchafu ukikaa hapo, alisema, unakula mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Kisha akauliza nani alijenga. Watu wote wakanigeukia mimi.

Tangu siku ile mama mkwe aliacha kuniita mkwe, akawa ananiita binti Ramadasu. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Aliita fundi, akalifunika karo la baba kwa zege, akachimba jingine kaskazini magharibi, mwisho wa uwanja. Bomba likatoka chooni, likapita chini ya nyumba nzima, kuelekea juu. Nami nilimpenda mume wangu kwa miaka ishirini na sita, na nilisubiri aseme neno moja tu, kwamba si baba yangu. Hakulisema.

Fundi wetu wa mabomba anaitwa Yesobu, Mkristo wa mtaa wa pili, domo lake halina kufuli. Alifika, akainua mfuniko wa chemba pale kwenye ujia wa jikoni, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, bomba hili linapanda."

"Si wewe uliyelilaza?"

"Ni mimi."

"Na hukuona kwamba linapanda?"

"Niliona vizuri kabisa. Mwenye nyumba kasema lipite hapa, likapita hapa. Nikianza kubishana na wafiwa, watoto wangu watakula nini?" Akajikuna shingo. "Na yule bibi alinisimamia na mkongojo, mama. Wewe ungebisha?"

Nilitaka kumpiga na fagio, lakini hata hasira ilinijia nusu nusu. Nikamuuliza dawa yake nini.

"Ziko mbili. Ya kwanza, nivunje zege, nikirudishe choo kwenye lile karo la mzee. Mabomba yake mazima, kazi ya leo leo. Ya pili, choo mkihamishie nje, mkijenge kule kule kwenye karo jipya. Lakini nani siku hizi anatoka na mwavuli kwenda chooni?"

"Fungua la mzee."

Kitanda cha kamba kikalia varandani. Mama mkwe masikio yake ni mazima kuliko magoti.

"Eti afungue nini?"

"Karo, mama. Lahari aje."

"Ahaa. Binti Ramadasu kammaliza mjukuu wangu mmoja, sasa anamtaka wa pili."

Neno lile lilinipitia pembeni, likaenda zake. Yesobu aliinamisha kichwa ndani ya chemba, akajifanya anatafuta kitu.

"Mama," nikasema, "nyumba ya Subbayya hapo ng'ambo, choo chao kiko kona ile ile. Ana wana wanne na wote wananenepa."

"Wale Mungu kawasahau. Sisi anatukumbuka."

Ukibishana na Atchamma utakufa na kiu mtoni. Nikampigia mume wangu simu, nikamwambia arudi, na sauti yangu lazima ilikuwa na kitu, kwa sababu alirudi mara moja, mikono bado ina vumbi la mbolea anayouza. Mama yake akamuwahi mlangoni na maneno yake. Alipomaliza, mume wangu akakaa kwenye ngazi, akanitazama.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi namtaka Lahari. Bomba lako linapanda, maji hayapandi. Nimechota kinyesi kwa ndoo tangu mvua zianze na sijalalamika. Lakini Lahari akizalia kwa watu kwa sababu ya kona, sitakaa katika nyumba hii na nyinyi. Nitakwenda kupanga chumba Vijayawada."

Sikupandisha sauti. Nadhani ndiyo maana aliogopa. Alijikwangua mbolea kwenye kucha, hata Yesobu akakaa chini akawasha sigara.

"Yesobu," akasema mwishowe, "vunja."

"Veerabhadram," mama yake akaita.

"Mama, Bhargav aliumwa homa. Mbu walimuuma. Daktari alinionyesha majibu ya damu, nilisimama pale nikayasoma. Baba wa mke wangu huyu hakumuua mtu."

"Kama ulijua, mbona ulilifunga?"

"Nilitaka kufanya kitu." Alijitazama viganja. "Mtoto kafa, watu wamekaa wananitazama, na stoo nina simenti. Ningefanya nini kingine?"

Haya, neno nililolisubiri mwaka mzima na ushee ndilo hilo, limesemwa mchana kweupe mbele ya mama yake na fundi. Nimesafishwa, mimi na marehemu baba yangu. Nilisubiri moyo wangu uruke. Haukuruka. Nilikwenda kuweka maji ya chai ya Yesobu motoni, na nikajikuta nimetia chumvi badala ya sukari, nikaimwaga, nikaanza upya.

Zege lilivunjika hadi saa ya chakula. Yesobu alikuwa akipiga nyundo na kusimulia habari za karo za mji mzima, nani hutupa nepi, nani alikuta meno ya bandia. Aliunganisha bomba la zamani, akalikata lile la kupanda, akanipa ishara. Nikamwaga ndoo. Maji yakazunguka mara moja, yakashuka. Nikamwaga ya pili na ya tatu. Yote yakaenda, yakaacha sakafu kavu, na hewa ya kutoka kwenye mfereji ikaingia ndani. Nilisugua kila pembe, nikatandika shuka safi chumbani. Mama mkwe alikataa kula. Nilimwekea chakula chake karibu na kitanda, akakigeuzia mgongo.

Kisha nikatoka uani kumpigia Lahari.

"Mama, umekula?" Huanza hivyo kila mara.

"Nimekula. Njoo nyumbani. Choo kimepona, hakuna harufu hata ya dawa. Mwambie mama mkwe wako aje anuse mpaka achoke."

Akacheka. "Mmefanyaje?"

"Tumelifungua karo la babu yako."

Nilidhani simu imekatika.

"Lahari?"

"Lile lile, mama? La kona?"

"Lile lile. Baba yako mwenyewe kalifungua. Kasema mbele ya bibi yako kwamba ilikuwa homa tu."

"Najua ilikuwa homa. Mimi si mjinga, mama, hata hapa namwambia kila mtu ni homa." Sauti yake ikaanza kukatika. "Lakini nikilala nashika tumbo, naiona ile kona. Kama huyu ni wa kiume je? Siwezi, mama. Usinikasirikie. Nitazalia huku."

"Umeanza kuogopa lini?"

"Siku ile ile, mzee wa dira aliposema."

Hapo paliuma. Nilidhani hakuna tena mahali pa kuuma, kumbe pamebaki. Mama mkwe kunisema nilizoea, na mume wangu kunyamaza nilizoea. Lakini Lahari kila siku alinipigia, umekula mama, umelala mama, na siku zote hizo ndani ya moyo wake kilichomuua kaka yake kilikuwa cha kwetu, cha baba yangu na mimi. Nikaegemea ukuta.

Ningeweza kumgombeza. Nilikuwa na kila haki, na mume wangu shahidi. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Lahari sasa ni mzazi. Mtoto bado yumo tumboni na yeye tayari hana usingizi. Nikimleta kwa nguvu, atakaa miezi mitatu kitandani akisikiliza maji yakishuka.

"Likifungwa utakuja?"

"Lifungwe kweli, mama. Usije ukanidanganya kwa sababu unanitaka."

"Usikate simu," nikamwambia.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, simu mkononi. Yesobu alikuwa akiosha nyundo yake bombani, mume wangu amesimama kando yake. Mama mkwe naye alikuwa ameletwa na udadisi, ameshika nguzo ya varanda.

"Yesobu, lifunge," nikasema.

"Nifunge nini?"

"Karo. Limimine zege kama mwanzo. Na kesho uanze choo cha nje, kule kwenye karo jipya."

Alimtazama mume wangu kuuliza kama nimerukwa na akili. Mume wangu akanisogelea.

"Mama Lahari, kuna nini? Nimeshasema mbele ya watu wote. Nimesema ilikuwa homa."

"Nimekusikia, na ahsante. Lakini lifungwe."

"Ehee," mama mkwe akasema kutoka kwenye nguzo. Hakukuwa na furaha usoni pake, na hilo lazima niliseme, alikuwa bibi kizee aliyefiwa na mjukuu wake wa kiume wa pekee. "Umeona mwenyewe sasa, binti Ramadasu. Wakati wote ule ulikuwa ukibisha nini?"

Mume wangu alifungua mdomo kunitetea. Alikuwa amejifunza siku ile ile, maskini. Nikamshika mkono, nikautikisa kidogo, akanyamaza.

"Nimeona, mama," nikasema. Nilisema kwa sauti ya kutosha, taratibu, kila neno lisikike. "Karo la baba yangu ndilo lililomla mwanangu. Nalifunga kwa mkono wangu, na halitafunguliwa tena."

Yesobu alifunga bomba. Mume wangu aligeukia ukutani. Nikaiweka simu sikioni.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama," Lahari akasema. Alikuwa analia, na pumzi yake ilikuwa imeshuka. "Njoo unichukue Alhamisi."