Sauti Iliyobaki Chumba Namba Tatu

Asubuhi aliyoapishwa kuwa diwani, wakili alifunga ofisi yake, akamkabidhi mkewe funguo, akaenda zake barazani. Sauti yake haikwenda naye. Ilibaki mahakamani, chumba namba tatu, ikiendelea kumtetea shangazi aliyemlea, ambaye halmashauri ilitaka kumbomolea nyumba ipate maegesho ya magari.

Diwani hakuifuata. Barazani katibu ndiye aliyesoma hoja, na kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Nyumbani aliandika kwenye vikaratasi. Chumvi imezidi. Nipigie pasi shati la bluu. Mkewe alivisoma, akajikaza.

Wiki ya pili uzalendo ulimshinda mke, akaenda mahakamani. Karani alimvutia kiti.

"Karibu, shemeji. Leo imeanza mapema."

Sauti ilikuwa karibu na meza ya mawakili, inakwaruza kidogo kama siku alizokosa chai. "Mheshimiwa, mama huyu aliuza cherehani yake nikasome sheria. Hana kingine ila hiyo nyumba."

Mke alilia, hakujificha. Ndiyo sauti iliyomtongoza.

Shangazi alikuwa benchi la mbele, amevaa gauni lake la kutokea. "Mwanangu anajua kusema," alimnong'oneza.

Hakimu alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Hoja zina uzito. Lakini bila sahihi ya wakili siwezi kuziingiza kwenye jalada. Aje atie sahihi kabla ya Ijumaa."

Jioni ile mke alimwekea mumewe hati mezani. "Sahihi tu, mume wangu. Kusema, inasema yenyewe."

Aliisoma yote, mara mbili. Kisha akavuta kikaratasi, akaandika: Mimi sasa ni mtu wa baraza.

Alhamisi baraza lilipiga kura. Mkono wake haukuwa wa kwanza kunyooka, wala wa mwisho. Jumamosi tingatinga lilimaliza kazi kabla ya saa sita mchana, na shangazi akahamia stoo ya jirani na magodoro mawili.

Kesi ilifutwa. Sauti haikuarifiwa, maana hakuna fomu ya kuiarifu. Jumatatu mke alimkuta shangazi kwenye benchi lilelile, gauni lina vumbi la matofali.

"Shangazi, usiwe na wasiwasi," sauti ilikuwa ikisema. "Nikiwa hai, nyumba yako haiguswi."

Karani aliinamia mafaili yake. Mke alifungua mdomo, shangazi akamshika mkono.

"Najua, mwanangu," shangazi aliijibu sauti. "Kunywa maji kwanza, umechoka."