Barua Kutoka Mererani

Itangazwe kwa mabweni yote, jikoni, na hata kwa ng'ombe wa shule, kwamba Nathan wa kidato cha pili amepata barua ndefu kutoka kwa baba yake. Barua yenyewe ilikuwa nusu ukurasa, na bahasha haikuwa na stempu.

Mwaka ulikuwa umepita tangu baba apunguzwe kazi kwenye reli ya Itigi na kwenda Mererani kutafuta madini. Mwaka mzima barua zilisomwa majina mstarini, na jina la Nathan halikuitwa. Leo liliitwa. Akatoka kwa mwendo wa gwaride, lakini Mwalimu Scholastika wa Kiingereza, ambaye ndiye aliyefungua na kugawa barua za wanafunzi, akamwambia aifuate ofisini.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Baba yako anaandika, ‘Usidhani mimi ni silent, mwanangu, niko quiet tu.’ Amesoma sana?”

“Aliishia darasa la nne, mwalimu. Ila ana akili.”

“Anazo. Maana Jumanne nilifundisha kwamba aliye quiet ana sauti ndogo, na aliye silent hatoi sauti kabisa. Sikumwona darasani.”

Nathan, bingwa wa visingizio bweni zima, safari hii alisema kweli.

“Niliandika mimi, mwalimu. Nikaichomeka kwenye rundo lako, ili na mimi niitwe.”

“Na baba je?”

Nathan aliitazama ile bahasha.

“Baba ni silent, mwalimu. Hiyo quiet nilimwandikia mimi.”