Damu ya Tingatinga

Kwenye maabara yao, mtoa damu wa majaribio asipotokea, mtu yeyote mwenye afya aliye karibu hukunja mkono wa shati. Safari hii alikuwa mdogo wa mtaalamu wa maabara, fundi lifti aliyepita kumletea dada yake funguo za nyumba. Walimwita Tingatinga, na kweli ana kifua cha kujidai. Alitoa mkono, akadai soda, akaondoka akipiga mluzi.

Kazi yenyewe inaelezeka. Chembe nyeupe za damu hula kolesteroli. Ikiwa imeharibika hula bila breki, zinanenepa, na mafuta yaliyojaa ndani yake yanavuruga ishara zinazopeana, hadi mishipa ya moyo inaanza kuvimba. Basi sahani moja ya chembe hutiwa kolesteroli iliyoharibika. Nyingine huachwa na majimaji ya damu ya mtoaji mwenyewe tu, ili walinganishe; humo chembe hazitarajiwi kunenepa.

Ile ya pili ndiyo iliyomtoa dada jasho kwenye hadubini. Chembe zilikuwa zimejaa matone ya mafuta, mekundu kwa rangi ya kupimia.

"Umechanganya sahani," alisema daktari mkuu bila kuinua macho. "Rudia."

Hajawahi kutamani kuwa mzembe kama siku ile. Alirudia kwa damu iliyobaki, na matone yakawa yaleyale. Baba yao alianguka bafuni akiwa na povu la kunyolea mashavuni, hata mvi hajaota. Watu walisema ni presha, wakazika, yakaisha. Sasa dada aliona moyo wa mdogo wake uko njia ileile.

Alimpigia simu.

"Uko wapi?"

"Kazini, dada. Ghorofa ya juu kabisa. Lifti imegoma, nimepanda ngazi na mashine begani."

"Weka chini. Kaa hapohapo."

Alingoja utani, maana Tingatinga haamrishwi akakosa jibu. Alisikia kuhema tu.

"Nimeshakaa," alisema Tingatinga. "Kifua kinabana. Kina siku nyingi hivi, ila wewe umemlilia baba vya kutosha. Nikaona nisikutie hofu."

Dada alimpigia kelele daktari mkuu aagize gari la wagonjwa, akataja jengo la kazini kwa mdogo wake, akatoka mbio na koti la maabara mwilini.

"Endelea kuongea. Chochote, usininyamazie."

"Niongee nini sasa?"

"Lifti. Imeharibika nini?"

Akaanza kumweleza breki ya lifti inavyokazwa, neno moja, pumzi mbili, na dada akakimbia barabarani simu ikiwa sikioni, akiomba sauti ile isikatike.